Kuazimana vitabu vya watoto na kutunga fantasia ya wanyama kando ya Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa yameulizwa, mengi yake kwa maneno yaleyale, na wazazi, walimu na watunzi wanaopita barazani kwangu Mabatini, jijini Mwanza, ambako sanduku la vitabu vya watoto hufunguliwa kila Jumamosi alasiri. Nilikuwa mwazimishaji wa vitabu kabla sijawa mtunzi, na majibu yangu yana upendeleo huo. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa kwingine, nimetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Sanduku la vitabu

1. Sanduku la vitabu la mtaa ni nini, na lina tofauti gani na maktaba?

Ni vitabu vichache vinavyokaa mahali ambapo watoto hupita kila siku: barazani, dukani, msikitini, kanisani, au chini ya mwembe wa mwenyekiti wa mtaa. Maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ina vitabu vingi zaidi na utaratibu mzuri zaidi, lakini mtoto wa miaka tisa anayeishi Igoma au Kisesa hafiki huko bila nauli na mtu mzima wa kumsindikiza. Sanduku halishindani na maktaba. Linamzoesha mtoto kuazima na kurudisha, ili siku atakapofika maktaba asiwe mgeni.

2. Nianze na vitabu vingapi?

Ishirini vinatosha, mradi visiwe vya kiada. Mtoto akiona kitabu kinachofanana na kile cha darasani hukiona kama kazi ya nyumbani iliyojificha. Changanya vitabu vya picha kwa wadogo, hadithi fupi kwa darasa la tatu na la nne, na hadithi ndefu chache kwa wale wa juu. Hizo ndefu ndizo adimu, na uadimu huo ndio ulionisukuma kuanza kutunga (tazama swali la 7).

3. Nitavipata wapi ikiwa sina fedha?

Uliza kwanza kwa majirani ambao watoto wao wameingia sekondari, kwa kuwa nyumba nyingi zina vitabu chini ya vitanda vinavyongoja mchwa. Pili, zipo hadithi za Kiswahili zenye leseni huria, kama zile za mradi wa African Storybook, ambazo unaweza kuzipakua na kuzichapa steshenari. Soma leseni iliyoandikwa kwenye kila hadithi, kwa sababu nyingine zinaruhusu hata kuuza nakala, na nyingine zinakataza biashara. Tatu, zunguka kwa wauza vitabu vya mtumba, ingawa huko vingi ni vya Kiingereza, na baadhi vinasimulia habari za theluji kwa namna inayodai maelezo marefu kuliko hadithi yenyewe.

4. Watoto wakivipoteza je?

Watavipoteza. Weka kaunta buku moja yenye safu nne: jina la kitabu, jina la mtoto, tarehe ya kuazima na tarehe ya kurudisha, na umwache mtoto aandike mwenyewe. Usitoze faini. Mwaka wa kwanza nilitoza shilingi mia mbili kwa kila wiki ya kuchelewa, nikaona watoto watatu wakiacha kabisa kuja. Vitabu vyao vilirudi baada ya miezi, vikiwa vimeletwa na wadogo zao usiku na kuachwa mlangoni.

5. Nivitunzeje dhidi ya mvua na mchwa?

Vijalidie kwa karatasi ya khaki kisha nailoni, upige solotepu upande wa ndani. Sanduku lisiguse ukuta wala sakafu. Matofali manne chini yake yanatosha. Vitabu vilivyolowa visianikwe juani, kwa maana kurasa hujikunja na gundi hupasuka. Vitandaze kivulini, vikiwa vimefunguliwa nusu, ndani ya chumba kinachopitisha upepo.

6. Ninaruhusiwa kutoa kopi kitabu kizuri ili watoto wengi wakisome?

Kitabu kizima, hapana, isipokuwa mwenye haki ameruhusu au kina leseni huria kama ilivyoelezwa katika swali la 3. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuazimisha nakala uliyoinunua na kuwasomea watoto walioketi mbele yako ni jambo tofauti na kuizalisha. Kuhusu kurekodi sauti na kuisambaza, tazama swali la 20.

## Kuanza kutunga

7. "Fantasia ya wanyama kwa watoto wa miaka 8 hadi 12" ni kitu gani hasa? Si ngano tu?

Ngano ina wahusika tunaowajua kabla hawajafungua kinywa: sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, kobe ana subira. Msimulizi hahitaji kueleza kwa nini fisi ana tamaa, kama vile mpishi hahitaji kueleza kwa nini chumvi ina ladha yake. Ngano huisha kwa muda wa moto kuzimika, na utamu wake uko katika kujua kitakachotokea na bado kukingoja.

Fantasia ndefu inamtaka mnyama mmoja mwenye jina, hofu yake na kosa lake, ambaye mwishoni hatakuwa yule tuliyemkuta mwanzoni. Inataka pia ulimwengu wenye kanuni zake: nani anaongea na nani, nani anamwogopa nani, mto upi hauvukwi, na kwa nini. Msomaji wake amekwisha kujua kusoma, lakini hajafikia riwaya za vijana zenye mapenzi na siasa. Kwetu ni mtoto wa darasa la tatu hadi la saba, umri ambao anaweza kubeba sura ishirini kichwani, na umri huohuo ndio ambao mara nyingi hukosa kitu cha kusoma.

Ngano haidharauliwi hapa. Wasukuma wanasimulia habari za Masala Kulangwa, kijana aliyelishinda zimwi Shing'weng'we lililokuwa limewameza watu wote, na mtunzi anayetaka kujifunza jinsi ya kujenga hofu hana haja ya kuvuka ziwa.

8. Kwa nini unachanganya kuazimisha vitabu na kutunga? Si kazi mbili?

Kwangu ni kazi moja, na nitaeleza kwa kisa. Hadithi yangu inamhusu pimbi mchanga anayeishi kwenye miamba juu ya mji. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sura tatu nilizozipenda mno, ambamo ukoo wa pimbi unachimba handaki usiku kucha ili kumkimbia chui. Nilizisoma Jumamosi moja mbele ya watoto kumi na wanne hivi. Nilipofika mahali ambapo udongo unarushwa nyuma kwa miguu, msichana mmoja wa darasa la tano aliinua mkono, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, pimbi hachimbi. Hana kucha za kuchimbia. Nyuma ya nyumba yetu wanakaa kwenye nyufa." Wenzake wakaitikia kwa vichwa, na mmoja akaongeza kwamba nyayo zake ni laini kama mpira.

Walikuwa sahihi. Pimbi hukaa katika nyufa za mawe, na nyayo zake, zenye nyama laini na unyevunyevu, humsaidia kushika mwamba mtelezo. Nilizifuta sura zote tatu. Badala yake ukoo ulilazimika kupanda juu, peupe, jua likiwaka, mahali ambapo furukombe anawaona, na hadithi ikapata hatari ambayo handaki lisingeipa kamwe. Meza yangu ya kuandikia isingenisahihisha. Nilihitaji wasomaji wanaoamka na pimbi uani kwao, nao walikuwepo kwa sababu ya sanduku.

9. Nichague mnyama gani? Simba?

Simba ana kazi nyingi tayari. Tazama kwanza wanyama ambao msomaji wako anawaona bila kulipa kiingilio, kisha uulize ni tabia gani ya mnyama huyo ambayo tayari inakaribia maajabu.

Pimbi, kwa mfano, ana undugu wa mbali na tembo, huota jua asubuhi akiwa amelundikana na wenzake, na mmoja wao hukaa juu ya jiwe kulinda, akilia kwa ukali adui akionekana. Swali la hadithi linajileta: itakuwaje mlinzi akinyamaza siku moja? Mjusi wa miambani dume, mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, hupoteza rangi zake na kuwa kahawia anapoogopa; huyo hawezi kusema uongo, mwili wake utamsaliti. Kongoti wanaosimama jalalani kama wazee wa baraza, wenye vichwa visivyo na manyoya na koo zinazoning'inia, hawahitaji kuongezewa chochote.

Ndani ya maji kuna utajiri mkubwa zaidi, ambao watunzi wengi wanaupita. Kamongo ni samaki mwenye mapafu: lazima apande juu kuvuta hewa, na akizuiwa chini hufa maji, naye anaweza kujizika topeni maji yakikauka. Furu jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni. Mama ambaye hawezi kuwaita wanawe bila kuwatema ni kitendawili cha sura nzima. Kuna pia historia ambayo ni nzito kuliko fantasia yoyote. Sangara aliingizwa katika ziwa hili na wanadamu katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, katika zaidi ya mia tano zilizokuwamo, zilikuwa zimetoweka. Mtunzi anayemwandika sangara kama jitu lililokuja kutoka kwingine hajabuni sana. Hata hivyo akumbuke kwamba sangara huyohuyo anasomesha watoto wa Kirumba, na babake msomaji huenda yuko ziwani usiku huu akimtafuta.

Kama hujawahi kuwatazama wanyama hawa kwa utulivu, nenda Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo safari fupi ya boti kutoka mjini, ukakae juu ya jiwe saa nzima bila simu.

10. Wanyama wangu wavae nguo na kwenda shule?

Unaweza, lakini amua mapema na usibadili kanuni katikati. Kuna mnyama anayeishi kama mtu kabisa, mwenye suruali na duka. Kuna anayeongea na wenzake tu, huku mwili na chakula chake vikibaki vya mnyama. Na kuna asiyeongea kabisa, ambaye tunaijua akili yake kupitia msimulizi. Mimi nachagua wa pili, kwa sababu mwili wa mnyama ukibaki jinsi ulivyo, matatizo yake hayatatuliwi kwa mikono ya binadamu. Pimbi wangu hana namna ya kufungua mlango. Hilo peke yake lilinipa sura mbili.

11. Walao nyama nifanye nao nini? Watoto watalia akiliwa mhusika.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo ambalo vitabu vingi hukwepa kwa kumfanya chui ale matunda. Mtoto anayekulia mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, ameona samaki akipasuliwa tangu hajajua kutembea. Hatashtuka kwamba mnyama anakula mwenzake. Atakachokataa ni uongo. Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, mlaji awe na sababu yake, na ikiwezekana watoto wake wenye njaa, ili msomaji asimchukie kwa urahisi. Pili, mauti yatokee kwenye ukurasa kwa ufupi na kwa uwazi, bila damu nyingi, kisha wahusika wapewe nafasi ya kuomboleza. Katika hadithi yangu mlinzi mzee anachukuliwa na furukombe kwa sentensi moja. Sentensi zinazofuata, ukurasa mzima, ni za jiwe lake kubaki tupu na kila mmoja kukwepa kulikalia. Watoto walinyamaza hapo. Hakuna aliyeomba nimrudishe.

12. Iwe na urefu gani?

Katika nchi zenye soko kubwa la vitabu, hadithi za umri huu hufika maneno 30,000 hadi 50,000. Kwetu gharama ya karatasi na mazoea ya wasomaji hunifanya nishauri 12,000 hadi 20,000, katika sura fupi ambazo kila moja inasomeka kwa sauti kwa dakika kumi.

## Lugha

13. Nitumie upatanisho gani wa kisarufi kwa wanyama?

Wa viumbe hai: "kiboko amefika", si "kiboko kimefika", na hapa hakuna mjadala. Lakini Kiswahili kinakupa silaha ambayo ni kosa kuiacha kabatini. Fisi anapomdharau pimbi anaweza kusema, "Kipimbi hiki kimetoka wapi?" na mtoto atasikia tusi bila kuelezwa, hasa kwa kuwa mitaani kwetu "pimbi" lenyewe ni neno la kumtania mtu mfupi. Nyoka akitisha huwa "joka lililojiviringisha". Akishindwa huwa "kijoka kilichojikunja". Mhusika anayeanza kwa kuitwa "kimekuja" na kumaliza kwa kuitwa "amekuja" na mdomo uleule amepata ushindi ambao hauhitaji hotuba.

Jambo jingine: "yeye" na "a-" havisemi kama mhusika ni wa kiume au wa kike. Nilisoma sura sita bila kutaja, na nilipouliza, wavulana walisema pimbi wangu ni mvulana na wasichana wakasema ni msichana. Sijataja hadi leo.

14. Majina je?

Majina yenye maana hukaa vizuri. Usukumani aliyezaliwa wakati wa mvua anaweza kuitwa Mabula, na mapacha ni Kulwa na Doto. Jihadhari tu na majina ya wahusika wabaya. Nilimwita fisi Masanja, na barazani walikuwepo akina Masanja watatu; mmoja aliitwa fisi wiki nzima shuleni. Siku hizi wabaya wangu wana majina ya sifa, kama Meno-Marefu.

15. Je, niweke maneno ya Kisukuma, Kikerewe au Kijita?

Ndiyo, kwa kipimo cha chumvi, na pale tu muktadha unapoyaeleza. Mzee Kobe akiamka na kusema "Mwangaluka!" na wote wakaitikia, hata mtoto wa Tanga ataelewa kuwa ni salamu ya asubuhi. Usiweke faharasa ya kurasa tano mwishoni; hakuna mtoto anayeifungua.

16. Nianze na "Hadithi, hadithi"?

Unaposimulia kwa mdomo, bila shaka, maana "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea" huwakusanya watoto kuliko kengele. Katika kitabu, anza na mnyama akifanya jambo.

## Kuchapisha

17. Nimemaliza. Nifuate hatua gani?

Isome yote kwa sauti mbele ya watoto kabla ya kumpa mhariri, kwa sababu zilizo katika swali la 8. Kisha tafuta mhariri wa lugha unayemlipa. ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na unaweza kusajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ingawa hakimiliki huanza pale unapoandika, si pale unaposajili. Ikiwa unataka kitabu kitumike shuleni kama cha ziada, ithibati hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Taasisi hiyohiyo inaratibu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo imewahi kuwa na kundi la hadithi za watoto. Soma tangazo la mwaka husika ujue makundi na masharti.

Kwa mchapaji, omba nakala moja ya mfano na uifungue hadi igeuke nyuma kabla hujaruhusu nyingine. Kiwanda kimoja kiliwahi kunikabidhi nakala mia mbili zilizobandikwa kwa gundi hafifu, na kufikia wiki ya tatu sanduku langu lilikuwa na sura zilizolegea kuliko vitabu. Kwa kitabu kitakachoazimwa, omba kishonwe au kipigwe pini katikati.

## Mambo ya pembeni

18. Fantasia inahitaji uchawi. Je, kuna hatari?

Katika Kanda ya Ziwa, ipo. Vikongwe wamewahi kuuawa hapa kwa kutuhumiwa uchawi, mara nyingine kwa sababu tu ya macho mekundu ambayo moshi wa kuni umeyafanya hivyo kwa miaka mingi, na watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa imani za kutajirika. Kwa hiyo simweki mnyama mzee wa kike mwenye macho mekundu kuwa mchawi, wala siandiki kwamba kiungo cha kiumbe fulani kina nguvu za bahati, hata kama ni kipande cha manyoya. Maajabu ya hadithi yangu yako mahali na katika wakati: mwamba unaokumbuka sauti, maji yanayogeuka saa fulani. Hakuna anayeweza kuyakata na kwenda nayo.

19. Bibi yangu alinisimulia ngano. Naweza kuifanya kitabu chenye jina langu?

Andika kwamba umeisimulia upya, na umtaje bibi kama atapenda. Ngano si mali ya mtu mmoja, na sheria iliyotajwa katika swali la 6 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Ulichobuni wewe ndicho chako.

20. Ninaweza kutafsiri kitabu cha Kiingereza, au kukisoma na kutuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la wazazi?

Vyote viwili vinahitaji ruhusa ya mwenye haki, hata kama hutozi kitu. Barua fupi yenye adabu kwa mchapishaji haigharimu chochote. Wakati unangoja jibu, rekodi hadithi yenye leseni huria.

21. Mtoto amerudisha kitabu akiwa ameandika mwisho mpya kwa kalamu ya wino. Nimwadhibu?

Nilikutana na hili kwenye nakala ya rasimu yangu mwenyewe niliyoiazimisha. Mtoto alikuwa amekata mstari juu ya aya yangu ya mwisho na kuandika pembeni, kwa herufi za kubanana, kwamba pimbi alipanda jiwe la mlinzi, akakaa, "na lilikuwa bado la moto". Nilimwonyesha mahali pa kuandikia, karatasi nne tupu nilizozibandika kwenye jalada la nyuma la kila kitabu, na nikamwomba wino usivuke hapo. Kisha nilimwomba ruhusa ya kulitumia jiwe lake la moto. Alisema atafikiria, na kwamba kwanza anataka kuazima viwili.